"Pata Potea": Nahau, Bahari na Suala la Dhima

Waingereza humfananisha atendaye kwa kubahatisha na mlenga shabaha: ama apige, ama akose. Vitenzi vyote viwili vina mtendaji, na kosa ni la mkono wake. Nahau ya Kiswahili iliyo karibu na hiyo, pata potea, haikujengwa hivyo. Haina kiambishi cha nafsi wala kiunganishi. Na ingawa pata ni kitenzi elekezi kinachodai mtendaji, mwenziwe si poteza bali potea. Mtu hupata; kitu hupotea. (Yaweza kujibiwa kwamba mtu naye hupotea, lakini hata hapo kupotea humfika tu, hakukusudii.) Je, nahau hii hueleza mambo yasiyotabirika, au humvua mtu dhima?

Katika pwani ya kusini ya Kenya, toka Diani hadi Msambweni na Shimoni, kazi inayoafikiana nayo zaidi ni uvuvi. Hata hivyo mvuvi haendi baharini kama kipofu. Anajua kwamba wakati wa kusi bahari huchafuka, na ngalawa haina budi kubaki ndani ya miamba. Hupambanua bamvua na maji mafu. Hujua pa kutega malema. Maarifa hayo yakisha kutumika yote ndipo linapobaki fungu lisilotawalika, na hilo pekee ndilo linalostahili kuitwa pata potea. Aidha, wanaogawana samaki hugawana pia siku ya kukosa. Methali isemayo kuwa kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga huulinda usawa huo: humnyima mpataji sifa kama inavyomwondolea mkosaji lawama. Nahau, kinyume chake, husamehe upande mmoja tu.

Udhaifu huo hudhihirika neno linapotoka pwani. Katika miji ya Kenya, pata potea ni jina la mchezo wa karata tatu, ambao mchezeshaji wake ndiye anayejua karata ilipo. Kisichotabirika hapo si ulimwengu. Ni siri ya mtu mmoja, nayo imevikwa vazi la bahari.

Ndiyo maana inafaa kuuliza ni nani anayelitamka neno hili, na anajua nini. Uchimbaji wa madini ya titani huko Kwale ulianza mwaka 2013 ukakoma Desemba 2024. Madini hupimwa kabla ya kuchimbwa; mwisho wake ulikuwa suala la hesabu, wala si la upepo. Kibarua aliyepoteza kazi mwezi huo anaweza kusema kwa haki kwamba kazi ni pata potea, kwa kuwa hesabu hazikuwa mikononi mwake. Aliyekuwa nazo, awe mwekezaji au afisa wa serikali, akitamka maneno hayo hayo atakuwa amesema jambo jingine kabisa.