Mungu wa Wakunga Hajabadilika

Somo: Kutoka 1:15–21

Vijana wa Kamembe, Gihundwe na Bugarama! Masomo ya sekondari yamekwisha na nyumbani kuna mabishano. Baba anasema, "Fanya biashara, Bukavu si hapo tu ng'ambo ya daraja?" Shangazi anasema uuguzi ni kazi ya kuchoka bure. Nanyi mnauliza: uuguzi utalipa?

Ni swali halali. Na tulijibu kwa Neno.

Farao aliwaamuru Shifra na Pua, wakunga wa Waebrania, waue kila mtoto wa kiume. Hawakuwa na jeshi wala cheo. Walimcha Mungu, wakawaacha watoto waishi. Kitabu cha Kutoka hakitaji hata jina la Farao yule, lakini majina ya wakunga kimeyaandika! Haleluya!

Sasa tazameni wilaya yetu ya Rusizi. Daktari yuko hospitali, Gihundwe au Mibilizi. Kwenye kituo cha afya mgonjwa anapokelewa na muuguzi. Mtoto wa Bugarama akitetemeka kwa malaria usiku, mama wa kisiwa cha Nkombo akishikwa na uchungu ziwa likiwa limechafuka, ataitwa nani? Ni wewe, mwanangu!

Sitawaficha gharama. Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg. Hadi ulipotangazwa kwisha, tarehe 20 Desemba, watu 66 walikuwa wameugua na 15 wamefariki. Wengi wa waliougua walikuwa wahudumu wa afya, waliowashika wagonjwa kabla ugonjwa haujajulikana. Basi anayetafuta koti jeupe la kupigia picha, na atafute kazi nyingine leo hii!

Lakini someni mstari wa 21: Mungu aliwajengea wakunga nyumba. Hakuishia kuwasifu, aliwalipa! Ninyi waajiri mnaouita uuguzi wito ili mpunje mshahara, mmejifunza dini hiyo kwa nani? Nanyi wazazi mnaomdharau nesi mpaka siku mnapolazwa, tubuni!

Kijana, ukiona damu na moyo wako ukasogea badala ya kukimbia, usiuzime moyo huo. Kibogora, hapo jirani Nyamasheke, uuguzi unafundishwa. Nenda kasome, ujue dawa na kipimo chake, maana huruma isiyo na elimu huua. Kisha urudi utuhudumie, nasi tukulipe haki yako.

Amina!