Nani Anabeba Uchakavu?

Baba alipofariki alituachia malori mawili na kabati la spea. Malori yalithaminiwa, hisa za mirathi zikapigwa kama dini inavyotaka: mama thumuni yake, kaka zangu kila mmoja mara mbili ya sisi mabinti. Kabati hakuna aliyelithamini. Mthamini alilifungua, akaona gasketi zilizofungwa kwa magazeti, bushi, na injekta kuukuu ndani ya kopo la samli, akalifunga bila kuandika neno. Mimi ndiye niliyebaki kuendesha biashara, kwa kuwa madaftari nilikuwa nikiyaandika tangu baba yu hai, na naweza kuapa kwamba mwaka ule wa kwanza kabati lilitulisha kuliko lori lolote.

Nalitaja kwa sababu ya swali lililonishika tangu nianze kuulizia bei za malori ya umeme. Kumiliki kitu ni nini hasa? Ni kuwa na jina kwenye logibuku? Ni kukitumia? Au ni kuwa na uwezo wa kukirudisha kazini siku kinapokataa?

Sisi tunabeba chumvi. Kutoka Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi, hadi Mombasa ni kilomita 150 hivi, barabara tambarare, na lori hulala nyumbani. Anayejua malori ya umeme atakwambia kuwa hiyo ndiyo njia yake: mwendo unaojulikana, mlima hakuna, na usiku mzima wa kuchaji. Dizeli ndiyo inayotumaliza, kwa hiyo muuzaji aliponifuata sikumfukuza. Lakini chumvi haina huruma na chuma. Chesisi huliwa kutoka ndani, nyaya huota ukijani kwenye viungio, na fundi wetu husema kazi yake si kutengeneza lori, ni kubishana na kutu.

Lori la dizeli huzeeka kwa mafungu madogo. Leo klachi, mwezi ujao springi, mwakani injini inafunguliwa. Kila fungu lauma, lakini kila fungu lina milango: spea mpya ya kampuni, spea ya bei nafuu isiyo na jina, ya mitumba kutoka Japani, ya kukerezwa kwa fundi wa mashine, au ya kung'olewa kwenye lori lililokufa. Mwenye lori hachagui kuzeeka kwake, ila huchagua namna ya kulipia.

La umeme halina mengi ya hayo. Hakuna oili ya injini, hakuna injekta, hakuna klachi, na breki zake hudumu kwa kuwa mota yenyewe husaidia kupunguza mwendo. Nikijumlisha matumizi ya mwezi kwa mwezi, linashinda, wala sioni haja ya kubisha. Tatizo ni kwamba uchakavu wake haukuondoka. Umehamia mahali pamoja, ndani ya betri. Chukua eActros 600 ya Mercedes-Benz, iliyoanza kutoka kiwandani mwishoni mwa 2024. Ina pakiti tatu za betri, jumla kilowati-saa 621, na waliolibuni lori hilo wanasema wamelikusudia kwenda kilomita milioni 1.2 katika miaka 10 ya kazi. Mwaka huo huo wa 2024, kwa hesabu za BloombergNEF, wastani wa bei ya pakiti za betri duniani ulikuwa dola 115 kwa kila kilowati-saa. Mwaka 2010 ulipita dola 1,000. Mimi mtu wa madaftari nikazidisha: dola 71,415. Kwa shilingi 129 kwa dola, inapita shilingi milioni 9, na hapo hujaweka meli, ushuru wala faida ya wa katikati. Najua betri za aina inayotumiwa na lori hilo huwa chini ya wastani, na najua bei inaendelea kushuka. Huenda siku nitakapoihitaji itakuwa nusu. Hata nusu yake, hakuna kabati litakaloibeba.

Na pesa ndiyo sehemu nyepesi ya jambo hili. Marekani, mwaka 2023, iliandikwa habari ya mwenye pikapu ya Rivian R1T aliyegongwa nyuma, mgongano ambao haukuonekana kuwa mkubwa, na bili ya ukarabati ikafika dola 42,000, kwa kuwa ubavu wa gari lile ni bati moja refu linalopanda kutoka nyuma hadi nguzo za paa mbele. Mwaka huo huo kampuni ya Nikola ilitangaza kuyaita yarejeshwe malori yake yote 209 ya betri baada ya moto uliohusishwa na kipozaji kilichovuja ndani ya pakiti; Februari 2025 ikaomba kinga ya mufilisi. Fisker ilikuwa imeitangulia kwa kufilisika Juni 2024, na wenye magari yake wakajikuta wameunda chama chao wenyewe cha kutafuta spea na watu wa kushika programu zake. Hao walikuwa na risiti na majina yao yalikuwa kwenye hati. Walichokosa ni mlango hata mmoja wa kubisha.

Kwetu kuna hesabu nyingine ambayo sijaona wauzaji wakiitaja. Dhamana ya kawaida ya betri ya gari la umeme kule Marekani ni miaka 8 au maili 100,000. Kenya nayo haipokei gari dogo au pikapu ya mitumba iliyopita miaka 8. Maana yake ni kwamba gari linaweza kushushwa Kilindini wiki ile ile ambayo mtengenezaji ananawa mikono.

Katika fikihi kuna kisa kilichopokewa na Bi Aisha, kimo kwa Abu Daud, Tirmidhi na wengine. Mtu alinunua mtumwa, akamtumikisha, kisha akagundua kasoro iliyokuwapo tangu kwa muuzaji, akamrudisha. Muuzaji akadai pato la muda ule wa kazi. Mtume, rehema na amani zimshukie, akaamua kuwa pato hufuata dhamana: mnunuzi ndiye aliyekuwa amebeba hatari, maana mtumwa angalikufa mikononi mwake hasara ingalikuwa yake, kwa hiyo na pato ni lake. (Malori yetu hupita Malindi, na mashamba ya nafaka ya Malindi ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa. Siwezi kuusoma mfano huu kwa utulivu, na sidhani kama inafaa kuusoma kwa utulivu. Lakini kanuni iliyotoka ndani yake imewalinda wanunuzi wengi wa ng'ombe na nyumba.)

Sasa igeuze kanuni hiyo uitazame kwa upande wa pili. Kama pato hufuata dhamana, basi anayejiwekea pato ajiwekee na dhamana. Mkataba wa kununua niliopewa ulisema lori ni langu. Halafu ukasema pakiti ya betri haifunguliwi ila na karakana yao; kipuri kikibadilishwa lazima kompyuta yao ikitambue ndipo lori liwake; programu ni yao, mimi nimeruhusiwa kuitumia tu; na baada ya muda wa dhamana, kila kitakachoharibika ni juu yangu. Niliusoma mara kadhaa nikitafuta kilichouzwa. Uwezo wa kutengeneza umebaki kwao. Pato la kutengeneza limebaki kwao. Kilichovuka meza kuja upande wangu, kamili bila masharti, ni hasara.

Aristotle, katika kitabu chake cha balagha, anasema utajiri umo zaidi katika kutumia kuliko katika kumiliki, na kwamba kitu ni chako ikiwa kukitoa au kubaki nacho kumo mikononi mwako. Kwa kipimo hicho lori la mkataba ule ni langu, maana kuuza sikukatazwa. Ila nadhani hakuwahi kuwa na lori. Kitu chenye kuchakaa unaweza kuruhusiwa kukiuza mpaka siku ambayo hakuna anayekitaka, na siku hiyo huletwa na nani? Na yule mwenye uwezo wa kukihuisha aliyeamua kutokihuisha.

Mkataba wa pili ulikuwa wa kukodi betri. Lori nalinunua, betri inabaki yao, nalipa kwa kilomita. Si jambo geni Kenya. BasiGo, iliyoanza Nairobi mwaka 2021, iliwauzia wenye matatu mabasi ya umeme kwa mpango wa namna hiyo, betri na chaji na matengenezo yakilipwa kwa mwendo wa basi. Mwanzoni niliuona mkataba huu kuwa wa kimaskini. Kadiri nilivyoulinganisha na ule wa kwanza ndivyo nilivyouona kuwa ndio wenye adabu. Katika ijara, yaani mkataba wa kukodisha kwa sheria ya dini, mwenye kitu ndiye anayebeba matengenezo makubwa ya kitu chenyewe. Mpangaji hubeba ya matumizi. Paa la nyumba ya kupanga ni la mwenye nyumba. Betri ikifa, imemfia mwenyewe. Hapo aliyebaki na ufunguo amebaki pia na uchungu, na mtu mwenye uchungu na betri hutafuta namna ya kuifanya idumu. Ukodishaji unaosema ukweli ni bora kuliko mauzo yanayodanganya, hata kama wa mwisho katika ukoo wetu kukodi chombo alikuwa babu na jahazi la watu.

Kaka yangu mkubwa, ambaye hupenda kuyafupisha mambo, aliniambia: "Dada, mali yote ni ya Mwenyezi Mungu. Wewe hata dizeli huimiliki. Waogopa nini kukodi betri?"

Ni kweli, na aya ya 7 ya Suratul-Hadid yatwambia tulichopewa tumefanywa makaimu juu yake. Lakini kaimu huulizwa. Na kuulizwa hakuna maana pasipo uwezo: sitaulizwa kwa nini sikuitengeneza betri ambayo nimezuiwa kuifungua. Ndiyo maana siudhiki kusema lori ni la Mungu. Mungu aliponipa amana hakuninyima mikono ya kuitunza. Nitaudhika kusema lori ni langu mbele ya mtu aliyenifunga mikono, kisha anaandika jina langu penye mstari wa hasara. Kuna na jambo la kifo. Mimi nina watoto. Hisa za lori la dizeli ziligawika kwa sababu kulikuwa na kitu cha kugawa. Kwa madhehebu yetu ya Shafii ijara haivunjiki mpangaji akifa, kwa Hanafi huvunjika. Mkataba wa kukodi niliopewa haukuwa Shafii wala Hanafi, ulisema kampuni itaamua.

Nikayapeleka haya kwa ustadhi aliyetusomesha, nikidhani atanipongeza.

"Mwanangu, masharti wayajua kabla hujatia sahihi?"

"Nayajua, ustadhi."

"Basi mwenye kuyakubali hufungwa nayo."

Nikamwambia sharti linalopingana na kiini cha mauzo hubatilika. Mtu hakuuzii kitu kisha akakukataza usikiuze.

"Hilo ni la kukatazwa kuuza. Wewe hukukatazwa kuuza. Umekatazwa kufungua."

"Na kufungua ndiko kumiliki."

"Kwako wewe, kwa sababu babako alikuwa na kabati. Hebu nambie, ndani ya hiyo betri mna nini?"

Nikamwambia ni umeme wa volti 800 katika lori kama lile la Mercedes. Fundi akigusa pasipostahili hufa, na pakiti ikishika moto huchukua muda mrefu kuzimika.

"Basi kukukataza huenda ni kukuondolea madhara. Hilo nalo ni la sheria."

Hapo alinipata. Fundi wetu amefungua injini maisha yake yote na kitu kibaya kilichompata ni ukucha. Nilichomjibu ustadhi ni kwamba madhara huondolewa kwa kumfunza fundi na kumpa cheti, si kwa kuufunga mlango na kukaa na ufunguo huku bili ikienda kwa mwingine. Na kwamba kama hatari ndiyo sababu, basi mwenye ujuzi pekee abebe hatari pekee yake mpaka mwisho wa maisha ya betri, si kwa muda wa dhamana tu. Akanyamaza kidogo, akasema hilo la mwisho lina nguvu, la kwanza halina, kwa kuwa mtu hawezi kulazimishwa kufundisha siri ya kazi yake. Mimi naona ni kinyume: la kwanza ndilo lenye nguvu.

Bado hatujakubaliana. Anataka nimpelekee mkataba wenyewe, na nimlete fundi pia, ili amweleze volti 800 ni kitu gani. Fundi amekubali kuja Jumamosi, ila kwanza ameuliza ni nani atakayemlipa siku hiyo.