Usingizi wa Walio Chini ya Daraja

Je, ni haki usingizi wa watu wachache utolewe ili watu wengi wafike upesi waendako? Kwa yule aliyemo garini swali hili ni jepesi. Kwa yule aishiye chini ya daraja ni zito kama daraja lenyewe.

Tarehe 1 Oktoba 1964 Japani ilifungua reli ya Shinkansen kati ya Tokyo na Osaka, na treni zake zikaenda kilomita 210 kwa saa. Dunia ilistaajabu, nayo ilikuwa na sababu. Lakini katika mji wa Nagoya reli hiyo ilipitishwa juu ya madaraja marefu ya zege, katikati ya nyumba za watu. Zege si bubu kama idhaniwavyo. Gurudumu la chuma lipitapo juu ya reli hutikiswa na mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho. Mtikiso huo huingia katika sakafu ya daraja, nayo huvuma kwa sauti nene kama ngozi ya ngoma. Kisha hushuka kwa nguzo mpaka ardhini, ukapanda tena katika misingi ya nyumba. Mtu atwangapo kinuni, aliyelala chumba cha pili husikia kwa mbavu kabla ya masikio. Wakazi wale walitwangiwa hivyo tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi karibu na saa sita ya usiku.

Mwaka 1974 wakazi 575 walikwenda mahakamani. Waliomba fidia, na waliomba treni zipunguze mwendo katika mtaa wao, sehemu ya kilomita 7 tu. Hukumu ya 1980 iliwapa fidia kwa mateso yaliyopita, ikakataa ombi la mwendo: treni zikipunguza Nagoya, kwingine nako kutadai, na faida ya taifa itapotea.

Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliiongeza nguvu: “Basi na wahame, mwalimu.” Wahamie wapi, na nani atainunua nyumba itikisikayo?

Kosa, kwa maoni yangu, limo katika kujumlisha. Dakika za abiria maelfu zikijumlishwa huwa mlima, lakini hapana abiria aupataye mlima huo. Kila mmoja hupata dakika zake tu. Mgonjwa wa chini ya daraja hubeba mzigo wake wote peke yake. Tena dawa zilikuwako: kusugua reli, kutandika mpira chini yake, kujenga kuta kandokando. Gharama yake ingeingia katika nauli, na abiria angelipia mwenyewe kasi yake.

Pande mbili zilipatana 1986, shirika la reli likalipa na kuahidi kupunguza kelele. Mtoto aliyezaliwa chini ya daraja mwaka shauri lilipofunguliwa alikuwa amekwisha timiza miaka 12.