Mweke Chini, Utoke Nje

Jumapili tulisoma Kutoka sura ya 2, na baadhi yenu mkaniuliza kuhusu pale mtoto analia. Wacha niiandike.

Musa alikuwa amefichwa miezi mitatu. Binti Farao alipofungua kile kisafina, mtoto alikuwa analia. Mzazi yeyote anajua huo umri. Ameshiba, amebadilishwa nepi, hana homa, na bado analia tu. Kilio hicho huongezeka wiki za kwanza, hufika kilele karibu mwezi wa pili, kisha hupungua polepole. Si pepo, na si kwamba mama hajui kazi yake.

Wangu wa kwanza alilia hivyo. Saa nane usiku, mama watoto amechoka amelala, mimi nina mahubiri asubuhi. Nikasikia mikono yangu inakaza kwenye mbavu zake. Mimi, mtumishi! Nilimweka kitandani nikatoka, nikasimama gizani. Niliporudi alikuwa bado analia, lakini mimi nilikuwa nimetulia.

Nilisomea biashara, si udaktari; muuguzi ndiye alinieleza baadaye. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na shingo haina nguvu. Ukimtikisa kwa hasira, ubongo unasukwasukwa ndani ya fuvu na mishipa ya damu inapasuka. Sekunde chache tu zinatosha. Nje huenda usione hata alama, lakini anaweza kupofuka, kupata kifafa, ama kufa. Kwa biashara hasara hufidiwa. Hii hapana.

Sasa mwangalieni mama yake Musa. Alimweka chini, akaondoka, na dada akasimama mbali akiangalia. Najua yeye alikuwa anamwokoa kutoka kwa Farao. Sisi wakati mwingine tunamwokoa kutoka kwa mikono yetu wenyewe. Mlaze chali mahali salama, toka nje dakika chache, mwite kukhu ama jirani. Na mwambie hivyo msichana unayemwachia mtoto ukienda kwa miwa.

Kama ametikiswa na sasa amelegea, anatapika, anapumua vibaya ama haamki, mkimbize hospitali ya Navakholo usiku huohuo na useme ukweli wote. Ukificha, daktari atatafuta ugonjwa ambao haupo.

Wababa, Jumapili ijayo msikimbie baada ya ibada. Tutakaa chini ya mwembe, wanaume peke yetu, na muuguzi atakuja.