Dhima ya Mwalimu wa Watoto Mia

Miongoni mwa masuala ambayo wanazuoni wa dini na wa falsafa wameyachambua tangu kale limo hili: mtu aliyekabidhiwa amana iliyopita uwezo wake, kisha akashindwa kuitimiza, je, anabaki na deni? Mifano yake ni mingi, toka kwa mdhamini wa mali ya yatima hadi kwa kadhi mwenye kesi zisizohesabika. Nami naona kwamba katika nchi yetu mfano ulio hai kuliko yote umo katika shule ya msingi ya serikali, ambamo mwalimu mmoja, mwenye kipande cha chaki na ubao uliochujuka rangi, husimama kila asubuhi mbele ya watoto mia.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Kipindi cha dakika 40 kina sekunde 2,400. Zigawe kwa watoto 100, na kila mmoja atapata sekunde 24, kabla hujatoa wakati wa kuita majina, wa kutuliza kelele, na wa kumruhusu nje aliyeshikwa na tumbo. Kanuni ya Tanzania, ambayo humtaka mwalimu mmoja awe na wanafunzi 45, ingempa kila mtoto sekunde 53, nazo pia hazitimii dakika. Yakija madaftari ya zoezi la hesabu, mwalimu anayetaka kulitazama kila moja kwa dakika moja tu, aone mtoto alikosea wapi badala ya kupiga alama ya vema na kupita, atahitaji saa moja na dakika 40 kwa somo hilo pekee, ilhali masomo mengine yanamngoja na andalio la somo la kesho halijaandikwa. Na kitabu kikiwa kimoja kwa watoto wanne walioketi sakafuni wakikizunguka, yule aliyekabiliwa na kichwa cha ukurasa hujifunza kusoma herufi zikiwa juu chini. Nao wapo waliozoea hivyo hata ukiwageuzia kitabu wima husitasita.

Basi uadilifu ni upi katika hali hiyo? Aristotle alifundisha kwamba haki ya kugawa ni kuwapa walio sawa kilicho sawa, na wasio sawa kwa kadiri ya tofauti yao. Lakini sekunde 24 zikigawiwa kwa usawa kamili hazimfai hata mmoja, kwa hiyo kila mwalimu wa darasa la namna hii, ajue asijue, huchagua. Aghalabu huchagua mikono iliyoinuliwa, kwa kuwa jibu sahihi huliendesha somo na humpa moyo aliyechoka. Na walioinua mikono ndio waliokaa mbele, na waliokaa mbele mara nyingi ndio waliokuja wanajua kidogo kutoka nyumbani. Rai yangu ni kwamba wasaa mchache uliopo uelekezwe kwanza kwa asiyejua kusoma, kwa sababu mwenzake anaweza kuokota elimu kwa kaka, kwa redio au kwenye gazeti lililofungiwa maandazi, ilhali yeye hana mlango mwingine ghairi ya huu. Lakini sidai kwamba rai hii inamaliza dhuluma. Wapo wale wa katikati, wasiong'ara wala kuzama, wapitao miaka yote ya shule ya msingi bila kuulizwa swali kwa jina lao, na hao hakuna mpango wa mwalimu peke yake uwezao kuwafidia.

Dini inatujibu nusu ya kwanza ya suala kwa uwazi: Mola hamkalifishi mja kwa asiloliweza. Mwalimu mwenye ikhlasi ana haki ya kulala usingizi juu ya jibu hilo. Hata hivyo mafakihi waliweka kando yake kanuni ya pili, kwamba jambo lisilopatikana lote haliachwi lote, na hii humfungia njia yule anayefanya wingi wa watoto kuwa udhuru wa kuketi chini ya mwembe na simu yake hadi kengele ilie. Wapo wa namna hiyo, tusifichane. Ila siwaoni kuwa ndio kiini cha maradhi.

Kiini ni nusu ya pili ya suala, ambayo haiulizwi: ikiwa mwalimu ametimiza awezalo, ile sehemu iliyobaki ya deni huenda kwa nani? Haifutiki, kwa kuwa mtoto bado hajui kusoma. Hapa ndipo ilipo hekima ya faradhi kifaya, yaani wajibu ambao wakiutimiza baadhi ya watu wengine huachiliwa, na usipotimizwa dhambi huwashukia wote. Wanazuoni wa Kiyahudi, katika Talmud iliyokusanywa Babeli yapata miaka 1,500 iliyopita, waliligusa jambo hili kwa tarakimu: mwalimu mmoja kwa watoto 25, wakifika 40 awekewe msaidizi kwa gharama ya mji, wakifika 50 waajiriwe walimu wawili. Zingatia kwamba idadi iliyozidi haikumwongezea mwalimu jukumu. Iliuongezea mji gharama.

Sisi Watanzania tumefungua milango ya shule mara kadhaa, na tulifanya vyema. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Elimu bila malipo iliyoanza Januari 2016 ikaleta darasa la kwanza watoto ambao michango ingewabakiza nyumbani. Sitawaunga mkono wanaosema heri wangebaki, kwani mtoto wa mia darasani ana tumaini ambalo aliye machungani hana. Lakini watoto walitangulia, na walimu, madawati na vyumba vikafuata kwa mwendo wa pole, na pengo lile tukalijaza kwa neno moja: wito.

Ualimu ni wito, tunaambiwa, na nchi ambayo mwasisi wake alijivunia kuitwa Mwalimu haioni haya kulisema hilo mbele ya mtu anayenunua chaki kwa mshahara wake. Hata Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, hutolewa ushahidi, maana katika kitabu chake cha Ihya alimtaka mwalimu awe kama mzazi kwa wanafunzi na asitafute ujira kwa elimu yake; ila wanaomtaja husahau kwamba madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, alikofundisha yeye mwenyewe, ilikuwa na mali ya wakfu iliyoiendesha, na kwamba waziri Nidhamu al-Mulk hakuijenga kwa sifa. Kusifu moyo wa mwalimu bila kumpunguzia idadi ni kumsifu hamali mgongo wake ili asiulize uzito wa gunia.

Kwa hiyo, msomaji, kamati ya shule ya mtaani kwako itakapoitisha mkutano, usikae nyumbani kwa kuwa mwanao anasoma kwingine. Nenda, na wakianza kumshukuru mwalimu kwa kujitolea kwake, omba kwanza usomewe darasa la kwanza lina watoto wangapi, limepangiwa walimu wangapi, na diwani ameahidi lini kuleta wa pili.