Kuchagua Chuo kwa Macho



Vijana wenzangu, hasa ninyi mliomaliza kidato cha sita na sasa mnahangaika na maombi ya vyuo, leo nataka tuongee jambo ambalo huwa hatulisemi kwenye jumuiya zetu, ingawa linatugusa wengi. Je, ni vibaya kuchagua chuo kwa sababu mahali pake ni pazuri?

Swali hili lilianzia nyumbani kwetu Tunduma. Wanaoufahamu mji wetu wanajua: malori ya kwenda Zambia na Kongo yamepanga foleni, wabadilisha fedha wanakuita kila hatua, vumbi kiangazi, tope wakati wa mvua. Mama anauza mchele karibu na mpaka, na mchele huo ndio uliotusomesha. Kwa hiyo usishangae kijana wa kwetu akiona picha ya chuo chenye miti na maji, moyo ukaruka.

Jioni moja mdogo wangu wa kike alinikalia karibu na simu yake. Matokeo yalikuwa yametoka, amefaulu vizuri, Mungu ashukuriwe. Akaanza kunionyesha picha. Hapa ni SAUT, Malimbe, Mwanza, mawe makubwa na Ziwa Victoria. Hapa ni Mlimani, Dar es Salaam, ile miti na majengo juu ya kilima. Hapa ni UDOM, majengo yametawanyika kwenye vilima vya Dodoma, upana mpaka unachoka kutazama. Hapa ni SUA, Morogoro, milima ya Uluguru imesimama nyuma kama ukuta wa kijani.

"Kaka, kipi kizuri?"

Nikamjibu haraka, bila hata kufikiri: "Nenda Mbeya." Ni kama kilomita 100 tu kutoka kwetu, vyuo vipo, kikiwemo Chuo Kikuu Katoliki, nauli ndogo, na wikiendi anaweza kuja kumsaidia mama. Nikaongezea na Biblia kabisa. Nikamkumbusha Mwanzo sura ya 13, jinsi Lutu alivyoinua macho, akaona bonde la Yordani lina maji na majani, akalichagua, na mwisho wake akajikuta jirani wa Sodoma. Nikamwambia, "Unaona? Macho yanadanganya."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Kaka, wewe ulipochagua chuo chako, habari za Lutu zilikuwa bado hazijaandikwa?"

Jamani, nilikosa jibu.

Maana ukweli ni huu: mimi nilichagua chuo kwa picha. Jina lake nitaliacha, kwa sababu kosa halikuwa la chuo, lilikuwa langu. Niliona picha moja ya jua linazama, nikasema hapa ndipo. Kilikuwa mbali sana, na nilipenda kiwe mbali. Mwaka wa kwanza nilipiga picha nyingi, nikazituma nyumbani, watu wakasifia. Misa za Jumapili nikaanza kuzikosa moja moja, kisha ikawa kawaida. TMCS walinialika, nikasema nitakuja, sikwenda. Mwisho wa mwaka nilikuwa na masomo mawili ya kurudia na simu iliyojaa picha nzuri. Na mama alikuwa bado amekaa pale pale mpakani na mchele wake.

Usiku ule nilikirudia kisa cha Lutu, safari hii bila kumsomea mtu. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Kuona majani mabichi halikuwa kosa la Lutu. Mungu ndiye aliyeyaotesha. Ila yeye aliuliza habari za majani tu, hakuuliza habari za majirani. Tena Abrahamu, mzee wake, alimpa nafasi ya kuchagua kwanza, naye akachukua upande mzuri wote, akamwachia mzee uliobaki. Nikajiona mimi pale. Nilichukua upande mzuri kwanza, sasa namwambia mdogo wangu abaki karibu amsaidie mama, na nautumia mstari wa Biblia kumfungia mlango ambao mimi niliupita. Wazazi na kaka zangu mnaosoma hapa, tuangalie sana jambo hili. Mara nyingi "baki karibu" tunawaambia mabinti tu.

Basi, je, mahali hapana maana? Hapana, pana maana. Mtakatifu John Henry Newman, aliyekuwa kiongozi wa kwanza wa Chuo Kikuu Katoliki kule Dublin mwaka 1854, aliandika hata juu ya mandhari inayofaa kwa chuo kikuu. Tena alisema kwamba kama angelazimika kuchagua kati ya chuo kinachotoa mitihani na vyeti tu, na chuo kinachowakusanya tu vijana waishi pamoja miaka michache, angechagua hicho cha pili. Aliamini vijana wanafundishana kwa kuishi pamoja. Yaani unapochagua mahali, unachagua pia watu watakaokulea bila wewe kujua.

Lakini mahali peke yake hapatoshi. Chukua Athene ya karne ya nne, mji ambao vijana waliutamani kwa elimu yake. Walisoma pale Mtakatifu Basili Mkuu na Mtakatifu Gregori wa Nazianzo, ambao tunawakumbuka pamoja tarehe 2 Januari. Na mwaka 355 alisoma pale pia Juliano, ambaye baadaye akawa kaisari na kuukana Ukristo. Mji ule ule, hewa ile ile. Gregori alipokuja kumzungumzia rafiki yake Basili baada ya kifo chake, alieleza kwamba wao wawili walijua njia mbili tu mjini: moja ya kwenda kanisani na nyingine ya kwenda kwa walimu. Njia za karamu na maonyesho waliwaachia waliozitaka.

Hata Mlimani haikuanzia mlimani. Mwaka 1961 chuo kile kilianza na wanafunzi wa sheria wasiofika 20, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, katikati ya jiji. Kilihamia kilimani mwaka 1964. Wale wa kwanza hawakuwa na mandhari ya kupigia picha, na walisoma.

Asubuhi nilimwomba mdogo wangu msamaha. Mama alikuwa anafunga mzigo wake, akatusikia, akasema: "Mimi nikiwasindikiza stendi sijiulizi chuo kina maua au hakina. Najiuliza, huyu atakayenirudia atakuwa nani?"

Tukakaa wawili, tukaandika maswali kwenye daftari. Kozi ninayoitaka ipo pale? Nani analipa, na mkopo usipotosha tutafanyaje? Nakimbia kitu au naenda kufanya kitu? Na la mwisho, lile la Gregori: kila siku nitapita njia zipi, kutoka hosteli kwenda darasani, na kutoka darasani kwenda kanisani?

Lile la tatu ndilo lililomkalisha kimya muda mrefu. Akakiri kwamba nusu ya hamu yake ilikuwa kuikimbia Tunduma. Nusu nyingine ilikuwa mashamba ya kahawa ya babu kule Mbozi, ambayo yanazeeka na hakuna wa kuyashika. Basi akajaza maombi, na ya kwanza ikawa kozi ya kilimo, SUA. Mbeya akaiweka ya pili.

Nikamtania: "Kumbe ni ile milima ya Uluguru!"

Akacheka. "Milima nitaiona nikiwa naenda darasani, kaka."

Majibu bado tunayasubiri. Mama ameanza kuweka pembeni hela ya nauli, na mimi safari hii nachangia. Wewe unayesoma, usione aibu kupenda mahali pazuri. Muumba ndiye aliyepapamba. Lakini kabla hujabonyeza kutuma, zima picha kidogo, piga magoti, umwulize Bwana swali la mama yangu: atakayerudi nyumbani atakuwa nani?

Ee Bwana, utuonyeshe njia ya kuipita kila siku, popote utakapotupeleka. Mtakatifu Basili na Mtakatifu Gregori, mtuombee. Amina.