Je, Kucheza ni Dhambi?

Kule Alameda, California, kuna makumbusho ya pinboli, zile mashine za zamani ambapo gololi ya chuma inakimbia chini ya kioo. Unalipa kiingilio mara moja, unacheza kutwa bila kutia sarafu. Ukishinda, unapata furaha tu.

Lakini mwaka 1942 jiji la New York lilipiga mashine hizi marufuku, likiziita kamari. Wakati huo ukishaachilia gololi, ulingoja bahati. Mwaka 1947 vikaja vibao vya kuirudisha juu. Mwaka 1976 Roger Sharpe akacheza mbele ya madiwani, wakaona ni ustadi, marufuku ikaondolewa.

Sasa tujipime. Kijana anayebeti kwa simu, je, anacheza? Hapana. Anangojea pesa ya mwenzake aliyepoteza, pengine ni karo ya mtoto. Hiyo ni tamaa, na amri ya kumi inaikataza. Mchezo wa kweli haumwachi jirani akilia.

Basi jiulize: pesa zikiondolewa, bado utacheza? Kama hutacheza, hiyo ni kamari. Ifute kwenye simu leo, kabla ya ibada ijayo.